Mdomo wa Etelka

Asubuhi, saa kumi na mbili, ukungu wa mto Tisza
umelala juu ya Szeged kama maziwa yaliyomwagika.
Etelka ananivuta kwenye chumba cha giza.
Ainua yai mbele ya taa: mishipa, doa linalopigapiga.
Nyumba isiyo mlango, basi yeye huutoboa:
sindano, tone, nta juu ya tundu.

"Huyu wa mafua," asema, "ana vipande vinane,
kila kimoja kimeandikwa kinyume, kama maneno kiooni.
Seli haiwezi kumsoma. Ndiyo maana husafiri na karani wake,
akaingia naye hadi kwenye kiini, wakanakili.
Akiaga havunji mlango.
Huondoka amevaa kipande cha ukuta
kama mgeni aliyejitwalia koti la mwenyeji."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu jembe amekuja nalo mwenyewe,
na anayelima ni mwenye nyumba.

Ukutani kuna picha zake, miaka thelathini na nane ya hadubini,
kingo zimekunjamana, gundi imegeuka kahawia.
Wa tumbaku: fimbo tupu,
protini elfu mbili na ushei zikipanda ngazi ya mviringo
kuuzunguka uzi mmoja.
Wa kichaa cha mbwa: risasi,
kana kwamba aliona haya kuficha nia.
Mla bakteria, kichwa na miguu sita,
anayetua, akachoma, akabaki nje ganda tupu
huku DNA yake ikitoa amri ndani.

Mbele ya wa polio husimama kidogo.
"Hana koti. Pande ishirini za pembetatu, basi.
Asidi ya tumbo inamwosha tu.
Waraka wake unasomeka moja kwa moja;
seli haiulizi umetoka kwa nani,
inafuma uzi mrefu wa protini,
na makasi yamo ndani ya uzi wenyewe.
Saa nane, seli inapasuka."
Kisha, bila kubadili sauti:
"Ottó, kaka yangu. Mwaka hamsini na saba.
Nilikuwa namfunga kamba za kiatu cha chuma."

Mimi nimezoea kubandika lebo. Sikujua niseme nini,
nikauliza kuhusu picha ya pembeni, ile ya kijivu.

"Yule huandika kwa kurudi nyuma.
Waraka anaugeuza kuwa kitabu, kisha anajishona
katikati ya kurasa zako. Umtoe vipi?
Utachana na jina la babu yako."

"Na huyu, mwenye koti pana?"

Akagusa mdomo wake. Kushoto, malengelenge matatu,
mekundu, mabichi.
"Huyu nilipewa na mama, Gizella.
Nilikuwa na miaka minne, alinibusu akinukia sabuni na vitunguu.
Akapanda na neva hadi kwenye fundo, hapa, ndani ya fuvu,
akaacha koti njiani, DNA yake ikajikunja duara, akalala.
Hajengi kitu. Kinga inapita, haimwoni.
Ila homa, au jua la Agosti,
au siku tuliyomzika mama:
hushuka kwa njia ile ile, anabisha hapa hapa."

"Na leo?"

"Leo nastaafu, Boróka. Atakosaje?"

Saa tisa kulikuwa na keki ya cheri, na mkurugenzi
aliyekosea idadi ya miaka yake.
Alitia sahihi daftari la mayai,
akaning'iniza koti jeupe,
akanipa ufunguo wa hadubini, una uzi wa sufu ya kijani.

Nilifungua mikono. Akarudi hatua moja,
akafunika mdomo kwa kiganja.
"Una mtoto mchanga nyumbani," akasema,
na kunigonga begani kwa ngumi, mara mbili,
kama mtu anayejaribu kama tikiti limeiva.