Zamu ya Zahor

Nyumba ya Wadi Kabir inavunjwa Jumapili.
Nilitumwa nikachukue viyoyozi na mlango wa mbele,
nikatoka na kopo la halua.

Nililitikisa kabla sijalifungua:
sauti ile ile, mvua ya mawe juu ya bati,
mvua ambayo mji huu huipata kwa mkopo.

Wamo. Mia na kumi na saba, wengine bila vichwa.
Askari wa risasi,
na risasi yenyewe hawakuwa nayo hata moja;
bunduki zilikwisha kupindwa na vidole vyetu.
Tuliwanunua kwa Mhindi wa Matrah, nyuma ya duka la vitambaa,
baisa mia kwa sita, na mpiga ngoma bure
kwa kuwa hakuna aliyemtaka.

Julai haikuwa na nje.
Jua lilisimama mlangoni kama mdai,
nasi, Zahor na mimi, tukaigeuza meza ya chakula kuwa nchi
tangu adhuhuri mpaka alasiri.
Blanketi juu ya vitabu vya shule: milima.
Mawe ya wadi: ngome.
Kanga ya mama, ile ya samawati, ilikuwa bahari,
na jeshi lililotaka kuvuka
lilikanyaga kwanza *Hasidi hana sababu*.
Moshi ulikuwa pamba.
Sare tulizipaka kwa rangi ya kucha ya shangazi Ghanima,
ndiyo maana kikosi changu chote
kilikwenda vitani kimepambwa kama bibi harusi.

Sheria aliziandika Zahor, kwa penseli, daftari la hesabu:
Wa miguu, inchi sita.
Farasi kumi na mbili, akipanda mlima nusu yake.
Dadu ikianguka chini haihesabiwi.
Asiyekubali kufa, rula itaamua.
Hakuna kulia.
Hii ya mwisho iliongezwa kwa ajili yangu.

Baba alikuwa akipita na kikombe chake cha kahawa, hasemi kitu.
Yeye aliwahi kuuona mji ukianguka, na haukuwa wa blanketi.
Siku moja tu alisimama,
akamwokota mmoja aliyelala ubavu,
akauliza, "Na hawa mnawazika wapi?"

Hatukuwa tumelifikiria.
Tangu siku hiyo likawepo kopo:
waliokufa walilala humo, katika harufu ya zafarani na iliki,
wangu na wake mchanganyiko,
na kesho yake wakafufuliwa wote.

Watoto wa dada yangu wanapigana kwa vidole gumba.
Adui wao yuko Korea, hana uso.
Nimewaonyesha mpiga ngoma;
mmoja kauliza anawashwa wapi.
Siwalaumu. Ila hawaujui
ule ukimya baada ya rula kugusa meza,
Zahor kafumba jicho moja, kidevu usawa wa mbao,
pumzi kaibana asije akawapuliza walinzi wake mwenyewe.

Vita vya mwisho havikwisha.
Agosti ya themanini na sita baba yake alipata kazi Salala,
gari likapiga honi nje, akaondoka na kiatu kimoja mkononi.
Siku tatu tulikula sakafuni.
Mama alikataa kuigusa meza.

Jana usiku nilimpigia. Ana mjukuu, ana sukari,
sauti imekuwa ya mtu mwingine.
Nikamwambia: nimewapata.
Kimya. Nikadhani simu imekatika.
Kisha, bila hata kuniuliza hali:
"Farasi wangu walikuwa nyuma ya ngome.
Na zamu ilikuwa yangu."

Basi nimerudi. Umeme umeshakatwa.
Meza ipo, hakuna aliyeitaka,
nimewapanga kwa taa ya simu na kwa kukumbuka,
pengine nimemwibia inchi moja,
na nimemrushia dadu yake.

Imeruka ukingo, ikaingia chini ya kabati.
Sheria inasema haihesabiwi.

Bado sijainama kuiangalia.