Mkumbushaji

Kazi yangu ni kunong'ona.
Nimekalia kreti ya bia nyuma ya pazia,
kaye magotini, tochi mdomoni,
na baridi ya mwezi wa sita inapenya chini ya mlango
kama mdai anayejua kuwa umo ndani.

Tulizoea kucheza uani, chini ya nyota,
ila juzi upepo uliiangusha ikulu mara mbili
(ikulu ni maboksi ya sabuni yaliyopakwa rangi ya dhahabu),
Yumba akapoteza ndevu zake za uwaziri,
tukahamia humu, karakana ya zamani ya reli, Katuba,
penye harufu ya grisi ambayo haijawasahau mafundi wake.
Watu wamekuja na blanketi. Wengine na mbabula,
wameziacha mlangoni,
na anayechelewa anaota vidole kwanza, kisha anatafuta kiti.

Mchezo ni ule ule, wa mfalme aliyefukuza mvua.
Nani aliuandika? Sijui. Sisi tunanakili tu.
Kaye hii ni ya tano, na pembeni mwake
walionitangulia wameacha penseli zao:
*Hapa hucheka.*
*Hapa mfalme asikohoe.*
*Mwaka wa mgomo. Alikuja mtu mmoja. Tulicheza.*

Na mchezo wote ni jua.
Ardhi imepasuka, ng'ombe wamebaki pembe,
mfalme anavua joho kwa sababu ya joto,
ndivyo ilivyoandikwa, mimi si wa kufuta.
Basi Kaumba, mlinzi wa usiku wa ghala la saruji,
amesimama kifua wazi,
ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa,
anapaaza sauti: "Joto hili litaniua!"
na pumzi yake inatoka nyeupe, inaelea,
kila mtu anaiona.

Wakacheka, ukumbi mzima. Hata makala yakaalika.
Kaumba hakucheka. Alingoja kicheko kipite
kama mtu anavyongoja treni ya shaba ipite njia panda.
"Nipepeeni," akaamuru,
na mtumishi akampepea, maskini, kwa bidii.

Kisha sehemu ya tatu, wanapomwacha.
Mke anatoka, waziri anatoka na ndevu mpya za pamba,
mpepeaji anaweka upepeo chini, anatoka.
Mfalme peke yake. Kimya.
Nikanong'ona: *Wamekwenda wote.*
Kimya.
Nikanong'ona tena, kwa nguvu, hadi tochi ikanidondoka.
Kumbe hakusahau.
Meno yalikuwa yakigongana, neno halikupata pa kupita.

Hapo Mama Mande, muuza mikate wa langoni,
akainuka benchi la tatu.
Ndara zake zilisikika, pa, pa, pa, juu ya saruji.
Akapanda jukwaani bila haraka,
akafungua kitenge chake begani, akamfunika mfalme
kama unavyofunika bukari isipoe,
akarudi kukaa, hakumtazama mtu.

Nikapekua kaye. Mama huyo hayumo.
Mfalme lazima afe bila mtu, ndiyo maana ya mchezo wote,
na mimi, mwenye maneno yote,
sikuwa na hata moja la kumpa.

Kaumba akashika pindo la kitenge,
akalitazama: samaki wa kijani, wengi, wanaogelea upande mmoja.
Akalifunga fundo begani. Akaligeukia giza.
"Wamekwenda wote," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyebaki."

Na kule nyuma, karibu na moto,
mtoto ambaye hakujua kuwa haulizwi
akajibu:
"Tuko!"

Mfalme alikufa, kama kila mwaka,
ukurasa mmoja na nusu, wala sikumkumbusha kitu.
Safari hii hakuna aliyecheka pumzi yake.
Waliifuatilia kwa macho, nyeupe, ndogo, ndogo zaidi,
mpaka akaibana kifuani ili afe sawasawa.

Nilipokota tochi, nikalamba ncha ya penseli,
nikaandika pembeni: *Hapa, kitenge.*
Nikasikia ndara zikija nyuma ya pazia.
Nikaongeza: *Kirudishwe kwa mwenyewe.*