Rasimu ya Nne

Jeneva, Machi 1936

Habari ilifika Jumamosi,
siku ambayo wenye dunia huenda shamba.
Ahadi ni deni, sawa,
ila mdai alikuwa mapumzikoni, na simu yake
ililia peke yake katika nyumba yenye mbwa.

Mimi napiga chapa. Sina maoni,
nina vidole kumi na karatasi ya kaboni.

Rasimu ya kwanza ilisema: *Tunalaani.*
Bwana Vuilleumier akaisoma amesimama,
akaketi, akavua miwani.
"Neno hili lina meno, Bi Kuntz. Nani atalilisha?"
Tukaandika: *Tunapinga.*

Paris wakasema wako tayari, London wakiwa tayari.
London wakasema wako tayari kutafakari.
Roma, wenye kesi yao wenyewe, wakatazama dari.
Mjumbe wa Habeshi aliomba nakala pale mlangoni.
Hakuisoma. Aliipima tu kiganjani,
kama mtu anayeujua uzito wake tangu nyumbani.

Adhuhuri, waliokula kiapo
wakala samaki wa ziwani, kwa siagi.
Waliporudi tukaandika: *Tunasikitika.*

Jumanne nikapata barua ya shangazi Salomé,
anayekaa ukingoni mwa Rhine, upande wetu:

*Wamefika ng'ambo. Nilikuwa naanika shuka.
Farasi wengi kuliko motokaa. Wanawake wakawarushia maua,
na bendi ikakosea ule wimbo mara mbili.
Askari mmoja, mtoto kabisa,
alikuwa akigeuka nyuma, akigeuka tena,
kama aliyeambiwa: ukipigiwa kelele, rudi mbio.
Hakuna aliyempigia kelele.
Mimi pia sikupiga.
Nilikuwa na vibanio mdomoni.*

Nikaikunja, nikaitia chini ya mashine.
Bwana Vuilleumier akaingia na rasimu ya nne
kwa mwandiko wake mzuri, wa kupinda kidogo:
*Tumezingatia.*
Akaniuliza kama kitenzi hicho kinahitaji shamirisho.
Nikamwambia kinahitaji.
Akasema tutaliongeza baadaye.

Usiku, wote wakiwa wameondoka, niliinua kaboni
nikaielekeza kwenye taa.
Vitenzi vinne vimelaliana pale,
kimoja juu ya kingine, kama nguo kwenye sanduku dogo,
na chini kabisa, ukikaza macho,
kile cha kwanza bado kinasomeka.

Kesho yake nikaitumia tena.
Kaboni ni ghali.