Daftari la Jumamosi

Saa kumi na mbili na robo, mabwawa ya Swaswa,
harufu ndiyo ya kwanza kutusalimu.
Hatuzibi pua tena. Mji hunywa, mji hunawa,
kinachobaki hushuka huku kikatanda kijani,
na juu ya tulichokitupa
ndege wa miguu mirefu wanapita kama wageni wa heshima.

Sisi ni saba, darubini ni moja.
Inahama shingo hadi shingo, mkanda umelowa jasho la wote.
Mwenye zamu anatazama ndege,
sita tunatazama uso wake.

Mama mwenye ndoo anatusimamisha:
"Mmekuja kupima viwanja?"
Sechelela anasema hapana, tunaangalia ndege.
Mama anatukagua: kofia, daftari, mabuti ya mvua.
"Waliopima kwa dada yangu
nao walisema wanaangalia tu."

Mimi ni katibu. Kazi yangu ni mistari:
jina, idadi, saa.
Yangeyange, arobaini na wawili, bado wamelala.
Korongo, wanne.
Mdiria, mmoja: alishuka, akakosa, akarudi tawini
akijifanya hakuwa na nia.
Mbayuwayu nimeshindwa. Hawatulii.
Mwezi huu wa tatu wanafunga safari ya kaskazini,
kila mmoja anaikata hewa kama mkasi wa fundi
aliyeahidi nguo ya harusi kesho.

Saa mbili wanafika watoto wa shule, Ipagala,
na mwalimu wao anayeogopa matope.
Nyemo ana manati mfukoni, mpira unachungulia.
Hatumwombi. Tunampa darubini.
Juu ya mgunga kuna hondohondo.
Anatazama, anatazama, kisha anapiga kelele:
"Ana kope!"
Wote wanataka kuziona hizo kope.
Foleni inapangwa, inavunjika, inapangwa.
Manati haikutoka mfukoni.
Ya Jumatatu siyajui.

Ndahani anakaa pembeni, kwenye tofali.
Miaka ishirini na mitatu aliwahesabu ndege kwa mshahara:
Kilimo, visumbufu vya mazao.
Jioni aliwafuata kweleakwelea hadi kwenye matete walikolala,
akakadiria, akaweka alama,
na kabla giza halijashika, ndege ikaja kunyunyizia ndege.
Lugha yetu imewapa jina moja,
anayemwaga na anayemwagiwa.
Asubuhi alipita chini na daftari kama hili.
Lake lilikuwa na safu ya nne.
"Si kwelea peke yao," aliniambia mara moja tu,
akifunga kamba ya kiatu.
"Bundi. Kipanga. Waliokuja kula waliokufa."

"Na mtama wangu?" Sechelela humwuliza,
maana ana ekari tatu Hombolo
na binti anayepiga debe tangu alfajiri mpaka sauti inakauka.
"Ninyi mnawahesabu.
Mimi wananihesabia punje."
Hakuna aliyewahi kumjibu.
Anakuja kila Jumamosi hata hivyo,
na chai ya tangawizi ni yake.

Leo wametoka upande wa mashamba.
Kwanza tulidhani ni moshi.
Kisha moshi ukageuka wote kwa pamoja, ukaonyesha tumbo,
ukapita juu yetu na mvumo kama wa mvua ya mbali,
ile tunayoisubiri Novemba nzima.
Watoto wakanyamaza. Mwalimu akasahau matope.
Sechelela akashika kifuniko cha chupa, hakufungua.

Darubini ilikuwa shingoni mwa Ndahani.
Hakuiinua.
"Wangapi?" nikauliza, kalamu juu ya safu.
Hakuna Dodoma nzima anayejua kuliko yeye.
Midomo yake ilianza, niliiona ikianza,
laki, laki na...
"Andika walipita," akasema.

Nikaandika.
Yule mama alikuwa amerudi, ndoo imejaa kichwani,
shingo imenyooka, macho tu ndiyo yapo juu.
"Na mimi niandike," akaniambia. "Nimewaona."

Namwuliza jina.