Dakika Mbili za Matangazo

Kasisi Merrill kanipa dakika mbili,
baada ya Komunyo, kabla ya baraka,
wakati watu wameshaanza kutafuta glavu zao
na harufu ya kahawa imeshapanda ngazi kutoka ukumbini.
Nje, Thunder Bay, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri;
theluji imekaa juu ya magari kama mgeni
aliyekuja na godoro lake.

Niliombwa Novemba, kwenye mkutano wa parokia.
Mjumbe wa mfuko wa misaada amehamia kwa binti yake,
nani atashika?
Kila mmoja akalisoma zulia.
Mimi nilinyoosha mkono nipitishiwe sukari.
Wakapiga makofi.
Kuna kujitolea, na kuna kutolewa;
sikubisha.

Tangu hapo nina kisanduku cha bahasha,
mabango matatu, na gundi isiyopatana
na rangi ya mafuta ya ukuta.
Nabandika Jumapili; Jumatano nakuta bango
limelala kifudifudi chini ya meza ya chai
kama aliyezidiwa na sala.
Nimejifunza kutamka majina ya nchi zenye njaa
kwa lafudhi wanayoielewa hapa,
hata ile inayopakana na kwetu.

Leo nilikuja na karatasi: takwimu, visima, mbegu, zahanati.
Kipaza sauti kikakohoa kabla yangu.
Nikamwona Bi. Oonagh anafunga koti, kifungo baada ya kifungo,
na takwimu zikaniponyoka kama dagaa wabichi.

Nikasema: nilikuwa na miaka saba, Masasi.
Mvua iligoma. Mama alikwenda foleni
akarudi na unga wa njano,
unga tuliouita Yanga, kwa rangi ya jezi,
na baba, mtu wa Simba mpaka kaburini, akaapa hauli.
Kiapo kilidumu siku moja na nusu.

Hapakuwa na kicheko. Nani hapa anaijua Yanga?
Nikasema gunia lake mama alilikata
likawa kaptula ya kaka yangu Hilari,
na makalioni yakabaki maneno ya Kizungu, nusu nusu,
yaliyokwenda naye shule bila kusomwa.
Nikasema: aliyelijaza lile gunia sikumjua.
Sikumshukuru. Nilishiba tu.
Bahasha ziko mlangoni.
Nikaketi. Dakika nne.

Kwenye kahawa wanasifu kitenge changu.
Bwana Wilf Tackaberry, themanini na kitu, anakuja na mkongojo.
"Maghala ya nafaka kule ziwani," anasema,
"nimeyafanyia kazi miaka thelathini na mmoja.
Meli zinakuja tupu, zinaondoka zimezama mpaka shingoni.
Hatukuuliza ziendako."

Moyo ukaniruka. Nikaliona gunia,
nikaiona kaptula, na mkono huu huu
wenye madoa ya uzee, ukisukuma.

"Ila sisi tulipakia ngano," akasema.
"Mahindi, hapana."

Basi. Hata Mungu hafungi kila kifungo.

"Na hizo hela," akauliza, "zinafika?"
Ningeweza kuapa. Wengine huapa.
Nikasema: nyingine zinaliwa njiani.
Ile ya kwangu ilifika.

Akatafuna biskuti yake polepole.
Bahasha hakuchukua.
Akalitazama bango pale chini, akaishika meza,
akainama (safari ndefu, sikuthubutu kumsaidia)
akaliokota, akatoa mfukoni utepe mweusi wa mafundi umeme,
akabandika pembe nne, kisha tena katikati,
ukapita kidogo juu ya sikio la mtoto.
"Huu," akasema, "hautoki."

Jumatano nikapita kuhesabu. Bahasha kumi na moja,
moja ina vocha ya duka la matairi.
Bango liko palepale, limeinamia kushoto.
Nilinyoosha mkono nilinyooshe,
nikauwahi mkono wangu.