Daraja la Kumi

Waya ulikatika Jumatatu, sijui baharini, sijui Unguja,
sijui kwa bili ambayo mtu hakulipa.
Hospitali yetu ya Wete ikabaki na kompyuta kumi na moja
na saa kumi na moja.

Jumanne alfajiri Riziki wa wodi ya wazazi
aliniita, anacheka kwa hasira:
"Asaa, njoo usome.
Mwana wa Mize Khatib kazaliwa saa kumi na dakika kumi na mbili.
Famasi waandika kachomwa sindano
saa kumi na dakika tano.
Kaugua kabla hajafika?"

Kila mashine ilikuwa kweli kwa nafsi yake.
Ya maabara, dirishani penye jua, ilikimbia.
Ya famasi, ubavuni mwa friji ya chanjo, ilisinzia.
Ndani yake mna kijiwe kinachotetemeka,
na joto hukifanya litufanyavyo sisi.

Siku za kawaida haziaminiani; huuliza mbali.
Huko mbali zipo saa za daraja la kwanza.
Zinazopokea kwa hizo ni za pili,
zinazopokea kwa za pili ni za tatu,
kama isnadi: fulani kapokea kwa fulani,
naye kwa fulani.
Sasa isnadi imekatika
na hakuna wa kupokea kwake.

Nikaenda masjala, kwenye ile kongwe
yenye kioo kilichopasuka kona.
Nikaiambia: jifuate.
Anwani ya kujiuliza ndiyo hii,
mia na ishirini na saba, mia na ishirini na saba, moja, sifuri,
barua unayoiandika na kuipokea
kwa mkono ule ule.
Ila usijiite wa kwanza.
Jiite wa kumi.
Akija anayejua, nyanyuka, mpishe mkeka.

Haikupita nusu saa, zote kumi zikawa nyuma yake.
Nikaiuliza: umekosea kiasi gani?
Ikajibu: sifuri.

Bila shaka.
Pishi ikijipima yenyewe, lini itapungua?

Daktari Shaame akasimama mlangoni, glavu mkononi.
"Hii ndiyo saa ya kweli?"
"Ndiyo saa yetu, daktari."
"Silo nililouliza."
"Najua."

Lakini sisi Pemba si wageni wa jambo hili.
Mwaka jana ukuta mmoja wa udongo
ulitenga jiko la Idi na jiko baridi la mwenye kufunga:
huku wamepokea mwezi wa mbali,
huku wanangoja wa hapa.
Mama alifunika sahani ya biriani kwa kawa,
akanituma kwa jirani, akaniusia:
"Waambie, mkifuturu."

Ijumaa, baada ya sala, waya ulirudi.
Tulikuwa mbele kwa sekunde arobaini na moja.
Nikaikataza mashine kuruka,
nikaikataza kurudi nyuma,
maana sekunde ikija mara mbili hospitalini
na dozi huweza kuja mara mbili.
Ikajivuta,
kama mgeni aliyewahi mno mwaliko
akapunguza hatua njiani, akajifanya anatazama mikarafuu,
siku nzima kasoro saa moja.
Kisha ikanyamaza, ikawa mfuasi tena.
Sikuisikia kulalamika.

Waliozaliwa siku zile walikuwa tisa.
Vyeti vyao hatukuvigusa.
Kwa dunia wametangulizwa sekunde kadhaa;
kwa wodi, kwa famasi, kwa maabara,
hakuna aliyetibiwa kabla ya kuzaliwa.

Riziki asema mmoja wao kapewa jina langu.
Nilitaka kwenda kumwambia mamaye
maana yake: huenda; tutaraji.
Nikafika hadi pazia la wodi.
Mwana alikuwa ananyonya,
na mama anahesabu kitu kwa vidole, polepole,
bila kutazama saa ya ukutani.

Nikarudi masjala.