Nne na Moja

Nilipofungua faili, herufi zote zilikuwa visanduku,
vitupu, kama mabehewa yaliyoegeshwa
nyuma ya stesheni ya Tabora, yakingoja injini.
Mteja yuko mbali. Ameandika:
chora hizi ishirini na mbili,
Waparthi walizichonga mwambani,
fonti zangu hazizijui.

Umeme ukikatika nachora kwa penseli
nyuma ya mitihani iliyoharibika kwenye mashine ya fotokopi.

Baba alikuwa karani wa mabehewa.
Usiku, chemli na chaki,
kila behewa na namba yake,
la Kigoma lisije likaenda Mwanza.
Nami sifanyi zaidi ya hayo:
alifu iliyochakaa naipa namba,
be naipa yake,
ili popote itakaposhushwa
ifunguliwe ikiwa yenyewe.

Zinatoka kulia kwenda kushoto.
Hilo halikunisumbua; mkono uliijua njia
tangu chuoni Gongoni, wino wa masizi,
ubao wa kuosha.
Kompyuta ndiyo iliyobabaika,
kishale kikirukaruka kama kuku aliyeingia msikitini.

Kilichonishangaza ni hiki:
waliandika neno la jirani
wakalisoma kwa neno lao.
Jiwe linasema *malka*, mdomo unasema *shah*.
Nikacheka peke yangu dukani.
Cheti changu kinasema Mwajuma.
Mama hukikunjua, hukitazama,
husoma Nyamizi,
hukirudisha kwenye mkebe wa biskuti.

Mwisho nikafika kwenye tarakimu.
Moja, mbili, tatu, nne.
Kisha kumi.
Nikadhani mteja amesahau ukurasa.
La. Tano haikupewa alama.
Unaandika nne, unaandika moja kando.

Nikaachia kipanya.

Kwetu pia ndivyo inavyohesabiwa.
Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi
hasemi watano.
Wanne, husema,
halafu huinamia mchele, anatoa chuya
ambayo mimi siioni,
na Mihayo.

Mihayo, Kinyamwezi cha maneno,
aliyekwenda kabla hajatamka hata moja.

Saa nane usiku umeme umerudi.
Visanduku vimefunguka, kimoja kimoja,
kila herufi imesimama mahali pake.
Nimeandika nne.
Nimeandika moja, kushoto kwake.
Mteja anauliza nafasi katikati iwe kiasi gani.

Bado sijamjibu.